Felisia na Pengo la Mlangoni

LIMEFIKAAA! Kontena la Benjamin limefika Ashdod, bandari ya Israeli, limefunguliwa, limekaguliwa, na hakijazuiliwa hata kijiko! Kitanda kimefika, friji limefika, baiskeli ya mtoto imefika na kengele yake. Na aliyelipanga ni Felisia wetu, Felisia wa Kashai, Bukoba, anayekaa hapa Guangzhou ghorofa ya saba bila lifti! Ujumbe uliingia kwenye simu yake Jumanne asubuhi akiwa anapiga mswaki, akapiga ukelele na povu mdomoni mpaka jirani Mchina akagonga ukuta. Jamani, mngejua lilivyokaribia kuharibika, na aliyetaka kuliharibu ni nani, na nyie mngepiga ukelele. Ngojeni niwaanzishie kule mwanzo.

Felisia ni mpangaji wa makontena. Hiyo kazi haisomewi popote. Watu wanakuja kutoka Dar, Mwanza, Mbeya, wananunua nguo pale Liuhua karibu na stesheni ya treni, jinzi Xintang, mabegi Shiling, halafu mizigo yote inaishia stoo moja na lazima awepo mtu wa kuipanga iingie. Huyo ndiye Felisia. Anakiangalia kitu mara moja tu, anakwambia kitaingia au hakiingii. Mashine ya kufulia anaijaza viatu. Viatu anavijaza soksi. Na soksi, ukimwachia, hazikosi kitu ndani.

Sasa wapangaji wa hapa wana desturi yao, hakuna aliyeiandika lakini kila mtu anaijua. Ukishapanga kontena la watu vizuri, mwisho kabisa pale mlangoni huwa kanabaki kanafasi, na kanafasi hako ni ka mpangaji. Wanakaita pengo la mlangoni. Felisia huwa anaweka humo maboksi mawili matatu ya jinzi zake, yanashuka Dar, yanapanda basi mpaka Bukoba, dada yake Agape anaziuza sokoni. Wenye kontena wanajua na hawasemi kitu. Maana ukimnyima mpangaji pengo lake, safari ijayo utakuta vikombe vyako vimekaa chini ya jenereta.

Basi, mwaka ule wa 2009 mambo yalikuwa yamebana vibaya. Polisi walikuwa wanasimama kwenye milango ya masoko, kwenye vituo vya basi, pasipoti, pasipoti. Waliozoea visa ya mwaka wakawa wanapewa mwezi. Wengine wanajibiwa "meyou", hakuna, wanaanza kufunga mabegi. Felisia alikuwa anapewa siku thelathini thelathini. Akimaliza kushangilia tu, zimeshabaki ishirini na saba.

Dawa aliijua, fremu ya duka. Ukiwa na fremu yenye mkataba wa jina lako, na laobani, yaani bosi mwenye jengo, akakugongea muhuri, basi angalau una karatasi ya kuweka mezani ukienda kuomba visa ndefu. Na kulikuwa na fremu moja ghorofa ya tatu ya jengo la soko, pembeni ya ngazi, ambayo Felisia aliitamani miaka miwili mizima. Ilikuwa ya mabegi. Ilikuwa ya Benjamin.

Huyu Benjamin ukimwona unasema mzungu, akifungua mdomo unasema Mnairobi. Ni Myahudi, kazaliwa Nairobi, babu yake alifika Kenya enzi hizo za reli na hawakuondoka tena. Mkewe Sarah wa hukohuko. Wana katoto ka kike ka miaka mitatu kanakojua Kiswahili, Kiingereza, na Kichina kile cha kukataa bei tu.

Siku moja Benjamin akaja stoo na faili la bluu kwapani.

"Dadangu, niko na kazi yako," akasema. "Lakini hii haiendi Mombasa."

"Inaenda wapi?"

"Israeli. Tunahama na familia yote. Visa za hapa zimenichosha bana, kila mwezi ni stori ileile. Tunaenda Beersheba, nifungue duka la mabegi, na nyuma yake kakarakana ka kushona yaliyochanika."

Felisia akamwangalia. "Na visa ya huko umeipataje kaka Benja?"

Benjamin akacheka, wala si kwa ubaya. "Huko sihitaji visa. Mimi ni Myahudi, nikifika naandikishwa mwananchi. Hata tiketi wanatulipia."

Hapohapo jamani. Palepale, katikati ya maboksi ya vyungu vya umeme, wivu ukamshika Felisia. Si ule wivu mdogo wa kuona mwenzako kanunua viatu. Huu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Yaani kuna nchi inakaa inakungoja? Inakwambia njoo, leta na friji?

"Hebu nione hilo faili," akasema.

Akaanza kulifunua taratibu, kama mwanamke anayefunua albamu ya harusi ya mwanaume aliyemtaka yeye. Barua ya sinagogi ya Nairobi inayosema huyu ni wetu. Cheti cha kuzaliwa cha Benjamin, cha mama yake, hadi cha bibi yake kilichochakaa pembeni. Cheti cha ndoa. Karatasi ya polisi kwamba hana kesi. Chanjo za mtoto. Kila kitu kwenye mfuko wake wa nailoni, kimewekewa namba. Na Felisia pasipoti yake iko ndani ya blauzi, imelainika kwa jasho.

"Sikia vile tutapanga," Benjamin akasema. "Kuna orodha tatu. Ya kwanza ni vitu vya nyumba, hivyo mhamiaji mpya anaingiza bila ushuru, kontena letu peke yetu. Ya pili ni mashine tatu za kushonea, hizo ni vifaa vya kazi, ziko na fomu yake. Ya tatu ni mabegi ya kuuza. Hayo ni biashara, yanaenda kivyake baadaye na ushuru nalipa. Usichanganye, tafadhali."

"Usichanganye?" Felisia akashangaa. "Friji liende tupu? Kabati tupu? Kaka Benja, kwenye friji hilo naingiza mabegi themanini."

"Najua unaweza. Usiweke hata moja."

Hata hilo nalo likamuuma. Akaenda nyumbani anajisemea peke yake kwenye ngazi, eti ana nchi mpaka anatamba kulipa ushuru.

Sasa angalau ilibaki ile fremu. Benjamin alishamwambia, "Kontena likishaondoka salama, nitaongea na laobani kuhusu nani anachukua." Felisia akajua ni yeye. Nani mwingine? Visa yake ilikuwa imebakiza siku kumi na mbili.

Jumatano akakutana na Anyango kwenye ngazi za soko. Anyango ni Mkenya wa Kisumu, anauza nywele, mcheshi balaa, sauti yake inafika kabla yake.

"Mama Kontena!" akaita. "Umesikia? Ile fremu ya Benja ni yangu!"

"Nani kasema?"

"Sarah ni beste yangu. Nimeshapima na pazia. Mbona umenuna hivyo kama laobani ameambiwa apunguze bei?"

"Sijanuna."

"Umenuna bana! Hata masikio yamenuna!"

Felisia akacheka kile kicheko cha meno tu. Usiku huo hakula. Benjamin ana nchi, Anyango ana fremu, yeye ana siku kumi na mbili na ghorofa saba za kupanda.

Na ndipo akamkumbuka Respicius. Huyu ni binamu yake, anaosha vyombo kwenye hoteli Tel Aviv, na kila wakiongea kwa simu anasema, "Dada Feli, huku jinzi ni ghali, ungeniletea hata chache." Felisia akakaa kitandani akawaza. Pengo la mlangoni ni la mpangaji. Si ndiyo desturi? Kama yeye hapokelewi, basi jinzi zake zikapokelewe.

Ijumaa wakapanga kontena. Lilitakiwa lifungwe mapema, kwa sababu jua likizama Ijumaa Benjamin anaingia Sabato yake, hafanyi kazi, hagusi simu wala kalamu, mpaka Jumamosi jua lizame tena. Sarah alikuwa ameandika kila boksi kwa kalamu nyekundu. JIKONI. VITABU. CHUMBA CHA MTOTO. Hata mwandiko wake Felisia aliuonea wivu, umenyooka kama mtu asiye na wasiwasi.

Lakini kazi aliifanya, na aliifanya vizuri, hilo lazima lisemwe. Godoro likasimama pembeni likalinda kioo. Meza ikaenda miguu juu. Benjamin alipokwenda kumlipia mtu wa toroli, na Sarah kumpeleka mtoto chooni, pengo likabaki palepale mlangoni, kubwa la haki. Felisia akaingiza maboksi mawili. Jinzi sitini za Xintang, saizi zote. Juu yake akaandika kwa kalamu nyekundu, akiigiza ule mwandiko, CHUMBA CHA MTOTO.

Wakafunga milango. Benjamin mwenyewe akabana ile sili, kile kichuma chenye namba ambacho kikishafungwa hakifunguki mpaka ukikate. Akaandika namba kwenye faili la bluu. Lori lingelichukua Jumapili.

"Leo unakula kwetu, Feli," Sarah akasema. "Hatuna meza tena, tutakaa chini."

Nyumba ilikuwa tupu inatoa mwangwi. Kwenye sakafu wametandika kitambaa cheupe, mishumaa miwili, na mkate uliosukwa kama nywele. Walikuwa wanasubiri muda wa kuwasha mishumaa, Sarah akashusha pumzi.

"Leo Benja atalala. Wiki nzima alikuwa haamki vizuri."

"Kwa nini?" Felisia akauliza.

"Ile karatasi alisaini," Sarah akasema. "Amekubali kwamba kila kitu humo ndani ni chetu, cha nyumba. Wakikuta hata boksi moja la kuuza, wanahesabu kontena lote ni biashara, tunalipia kila kitu mpaka kijiko, na jina lake linaanza vibaya kabla hata hatujafika."

"Si ndiyo maana nikamtafuta Felisia," Benjamin akasema akimmenyea mtoto chungwa. "Wengine wangeniwekea pengo lao. Huyu nilimwambia usichanganye, hakuchanganya."

Felisia akala. Mkate ulikuwa mtamu, na kipande chake akakikatakata mpaka kikawa makombo. Mtoto akamlalia mapajani. Akakaa hivyo na kichwa cha yule mtoto ambaye chumba chake kina jinzi za wanaume saizi thelathini na sita.

Alirudi nyumbani akijifariji kwamba si lazima wafungue. Makontena mangapi hayafunguliwi? Na Respicius ataenda kuzichukua, Benja atacheka. Alijiambia hivyo mpaka akachoka kujisikiliza.

Jumamosi saa mbili asubuhi simu ikaita. Mtu wa stoo.

"Felisia, lori linakuja leo saa sita. Kesho polisi wanakagua stoo zote za mtaa huu, laobani wa stoo hataki kontena lolote libaki. Bwana Benjamin hapokei simu."

Hapokei, ni Sabato. Hapokei mpaka jua lizame. Na saa sita kontena linaondoka na sili juu yake, likishaingia bandarini ndiyo basi. Felisia akakaa chini. Angeweza kunyamaza! Asingejua mtu, angalau kwa mwezi mzima, na katika huo mwezi fremu huenda bado angeipata.

Akavaa viatu. Akaenda kwa Benjamin kwa miguu, karibu kukimbia, akagonga mlango. Akafungua Sarah, nyuma yake Benjamin na kitabu cha sala mkononi.

"Nimeweka pengo," Felisia akasema, hata salamu hakutoa. "Jinzi sitini. Nimeandika chumba cha mtoto. Na lori linakuja leo saa sita."

Mtoto peke yake ndiye aliyesema "Felisiaaa" akifurahi.

"Kwa nini, Feli?" Sarah akauliza.

"Wivu."

"Wivu wa nini?"

"Wa faili," Felisia akasema, na machozi yakamtoka. "Nimeona cheti cha bibi yako, kaka Benja. Mimi sina hata mtu wa kuniandikia barua kwamba huyu ni wetu. Halafu mna fremu, na hiyo nayo mnampa Anyango."

Benjamin akawa mwekundu mpaka shingoni. Alitaka kusema kitu kikali, ukaona kimefika kwenye meno akakirudisha. "Leo siwezi kushika simu," akasema pole pole. "Siwezi kuandika. Siwezi hata kukutuma ukafungue, hiyo pia ni kazi. Ulilifanya peke yako."

"Najua."

"Na fremu…"

"Najua, kaka. Nimeshaiaga."

Akashuka ngazi, akapanda basi. Kituo cha pili tu, polisi. Wageni wote chini, pasipoti mkononi, foleni kwenye jua. Mbele yake jamaa mmoja alionyesha visa ya mwaka mzima, akarudishiwa kwa tabasamu, na nyie mnadhani Felisia aliona nini? Aliona wivu tena! Katikati ya balaa lile! Zamu yake ilipofika afisa akaangalia ile stika, akahesabu kwa vidole, akamwonyesha tisa. Siku tisa. Akaandika jina lake kwenye daftari akamwachia. Ilikuwa saa tano na nusu.

Alifika stoo lori linarudi kinyumenyume. Akachukua mkasi mkubwa wa kukatia chuma, akaikata sili mbele ya watu wote, mtu wa stoo akipiga kelele kwa Kichina kwamba huyu mama kachanganyikiwa. Akayashusha maboksi yake mawili mwenyewe, begani, moja moja. Halafu akalitazama lile pengo. Tangu aanze kazi hajawahi kuacha pengo tupu. Akalijaza maboksi matupu, ayabane yale ya vitabu yasicheze baharini, akafunga, akaweka sili mpya aliyonunua palepale. Namba yake akaiandika kwenye kiganja, maana karatasi hakuiamini tena mkononi mwake.

Jumapili asubuhi Benjamin akaja kwake, ghorofa saba, anahema.

"Namba?"

Felisia akafungua kiganja. Hakuwa amenawa mkono ule tangu jana. Benjamin akanakili, akapiga simu mbili tatu za kubadilisha namba kwenye hati za mzigo, akafunga faili.

"Fremu nimempa Anyango," akasema. "Sikufichi. Nilikuwa nakupa wewe. Anyango alikuwa anapima pazia kwa kupenda kwake."

Hilo jamani ndilo lililomlaza Felisia kitandani siku mbili. Kumbe ilikuwa yake!

Jumanne mlango ukagongwa kwa fujo. Anyango, na pakiti ya nywele kwapani.

"Amka wewe. Benja ameniambia yote."

"Umekuja kunicheka."

"Kidogo, ndiyo. Jinzi kwa chumba cha mtoto! Zii, hiyo imeniua." Akakaa kitandani bila kukaribishwa. "Sasa sikia. Mimi sijui kupanga hata sanduku la shule. Mzigo wa nywele naumizwa kila mwezi na hawa wapangaji. Laobani amekubali majina mawili kwa mkataba. Njoo tukae wote pale, wewe upange, mimi niuze. Benja pia amesema sawa, ndiye ametudhamini."

Felisia akainuka kitandani pale alipokuwa amejifunika khanga. "Kweli Anyango?"

"Kweli. Lakini kuna bei."

"Bei gani?"

"Lile pengo la mlangoni. Kuanzia leo ni langu."

Felisia akaitupa khanga pembeni. Pengo lake! Akawaza siku zilizobaki, sita. "Robo nibaki nayo," akasema.

"Meyou," Anyango akamjibu, kama laobani kabisa, na wote wawili wakaangua kicheko.

Wakasaini Jumatano. Visa akapewa miezi mitatu, si mwaka, lakini miezi mitatu ukiwa umezoea siku thelathini ni kama mbingu. Benjamin na Sarah wakapanda ndege. Wiki zikapita, Felisia kila asubuhi anaangalia simu kabla hajanawa uso, mpaka ile Jumanne ya mswaki. Ujumbe wa Benjamin ulikuwa mfupi: "Walifungua. Walienda moja kwa moja kwa maboksi ya mlangoni. Matupu. Wakacheka, wakafunga. Asante dadangu. Sarah anakusalimia, na kuna jamaa zetu wawili hapo Guangzhou wanahama pia, nimewapa namba yako."

Maboksi ya mlangoni ndiyo waliyoanza nayo, mnaona?

Leo ukipita ghorofa ya tatu, pembeni ya ngazi, utamkuta. Upande mmoja nywele za Anyango, upande mwingine kimeza cha Felisia chenye faili la bluu alilojinunulia, kila karatasi kwenye mfuko wake wa nailoni, ingawa karatasi zenyewe bado ni nne. Na kila kontena la Dar likipangwa mpaka mlangoni, Anyango anaingiza nywele zake kwenye lile pengo, anaimba kabisa. Felisia anasimama pembeni na mkasi wake wa chuma, anaangalia, wivu umemjaa mpaka masikio yamenuna.

Umemaliza kusoma? Mtumie na mwenzako, hasa kama anapanga makontena.